Babu Bukhara Akihesabu

Enzi zetu, sisi tuliokulia kwenye yale maghorofa ya matofali mekundu pembeni ya barabara kuu ya Route 50, Falls Church huko Marekani, hakuna mtoto aliyepangiwa miadi ya kwenda kucheza. Ulishuka kwenye basi la njano, ukatupa begi, ukala kiporo cha ugali wa unga wa duka la Wasalvador, ukatoka nje. Mwanangu leo akitaka kucheza na mtoto wa nyumba ya tatu, mimi na mama wa huyo mtoto tunaandikiana ujumbe wiki nzima kama watu wanaopanga posa. Na wakishakutana, kila mmoja anakaa na tableti yake kona yake.

Mtakumbuka kadi za simu za kukwangua, na mama zetu wakipaza sauti kana kwamba Tanga inafikiwa kwa kelele na si kwa waya. Mtakumbuka sambusa zilizofungwa kwa chapati za Kimeksiko, na makoti yaliyonunuliwa makubwa ili yadumu miaka mitatu, ukapita nayo shuleni mikono haionekani. Na mtakumbuka televisheni, yale masanduku yenye mgongo mrefu. Mama yangu akirudi kazini, kabla ya kujibu shikamoo, aliweka kiganja mgongoni mwa televisheni. Ikiwa na joto, umekwisha. "Hii ni katuni mbili," alikuwa akisema, na kweli zilikuwa mbili. Mimi na mdogo wangu Salim tulijaribu kuipepea kwa daftari, haikusaidia kitu.

Ila wengi wenu hamkuwa na Babu Bukhara. Ndiye ninayetaka kumwelezea, ingawa nimemkwepa miaka mingi.

Alikuwa mzee wa Kiuzbeki, baba yake Nigora aliyepanga chini yetu. Kwao Bukhara, mji wa kale wa wafanyabiashara huko Asia ya Kati, alikuwa ametembeza wageni kwa miguu kwa miaka thelathini. Mkewe alipofariki, Nigora akamleta Marekani, na hapo ugonjwa wa kusahau ukawa umeshamwanza. Nigora alifanya kazi hotelini mchana kutwa. Mama yangu, aliyekuwa akihudumia wazee asubuhi, akachukua kumwangalia huyu mzee kuanzia saa nane hadi jioni.

Siku ya kwanza mama alipika wali wa bukhari. Kwao Tanga ndio wali wa heshima, na jina lake linajieleza, hivyo akaona mgeni wa Bukhara atajisikia nyumbani. Mzee akaonja, akaweka kijiko chini, akauliza huu ni wali wa wapi. Mama akamwambia ni wa kwenu. Mzee akatikisa kichwa kwa huzuni, kisha akamaliza sahani nzima. Kesho yake akaja na karoti tatu mfukoni, akazipanga mezani mbele ya mama. Tangu hapo mama akawa anatia karoti.

Maneno yao yalikutana kwa namna iliyotuchekesha sisi watoto. Yeye alisema kitob, mama akasema kitabu. Choy, chai. Dunyo, dunia. Kila neno likilingana mzee alipiga meza kwa kiganja, furaha tupu. Alikuwa amesahau jina la binti yake, alisahau kama amekula, lakini yale matembezi aliyowafanyia wageni miaka yote hayakumtoka hata neno moja.

Basi kila siku tukitoka shule, tukawa ndio wageni wake. Tulikuwa wanne: mimi, Salim, na Ciru na kaka yake Brayo, Wakenya wa ghorofa ya tatu. Nilikuwa na miaka kumi na moja, mkubwa kuliko wote. Alitutembeza kwenye maghorofa yale kwa Kiingereza cha kukariri, mikono nyuma, kofia yake ya mraba kichwani. Bwawa la kuogelea lililofungwa tangu mwisho wa kiangazi lilikuwa hauz, na mama akatuambia ni hodhi, neno lile lile. Chumba cha mashine za kufulia kilikuwa hamamu, bafu la mvuke la wafanyabiashara waliofika na vumbi la miezi. Mapaa ya maegesho yalikuwa kuba za soko: chini ya ile wabadili fedha, chini ya ile washona kofia, chini ya ile masonara. Mlingoti wa simu ulikuwa mnara mkubwa uliowashwa taa ili misafara iuone kutoka jangwani. Na kutoka juu yake, alisema, ndipo wahalifu walipotupwa chini. Hapo tulimwomba arudie, naye alirudia.

Kituo cha mwisho kilikuwa ukingo wa Route 50. Alisimama kwenye nyasi, akaonyesha magari yanayovuma, akasema mji umeishia hapa, ng'ambo ni jangwa, na mwongozaji havuki jangwa na wageni. Kisha tukarudi.

Sasa, kabla ya kuondoka kila kituo, Babu Bukhara alihesabu watu wake. Kazi yake yote alijivunia jambo moja: watu aliotoka nao ndio aliorudi nao. Sisi tukamfundisha kuhesabu kwa Kiswahili, naye akakipenda, akawa anatunyooshea kidole mmoja mmoja: moja, mbili, tatu, nne. Tatizo ni kwamba mtoto yeyote aliyecheza kombolela anajua mtu akianza moja, mbili, maana yake ni jificheni. Siku ya kwanza alipofika mbili tulikuwa tumeshatawanyika, mmoja nyuma ya pipa la taka, mwingine chini ya gari. Ciru, ambaye kwao mchezo ule waliuita brikicho, alicheka hadi akakaa chini. "Wee, huyu buda ana-count halafu anashangaa tumepotea."

Mama aliona yote dirishani, akashuka na kanga begani. Hakucheka. Mzee alikuwa akizunguka maegesho, akitutafuta.

"Sikilizeni. Babu akihesabu, mnasimama. Hiyo si kombolela. Kwake yeye mtu amepotea, mnanielewa? Zuhura, wewe ndiye mkubwa. Ukiwa naye, mimi najua yupo na mtu."

Tukasimama kila alipohesabu, vuli nzima.

Siku yenyewe ilikuwa ya baridi, jua limeinama. Mama alikuwa ameingia ndani kusali alasiri, kama kila siku, dakika kumi pamoja na uradi wake, zile dua za baada ya sala. Tulikuwa chini ya kuba ya washona kofia. Saa kumi kamili kulikuwa na katuni niliyoipenda, na siku hiyo ilikuwa mwisho wa kisa nilichokifuata wiki nzima. Mzee alinyoosha kidole kwa Salim, akasema moja. Nikarudi nyuma hatua moja. Aliposema mbili nilikuwa nyuma ya nguzo. Nilijiambia ni kombolela tu, na kwamba leo hakuna atakayeniona, nimeshinda. Nikapanda ngazi za nyuma, nikapita taratibu mlango wa chumba alichosalia mama, nikawasha televisheni bila sauti, nikakaa karibu na kioo.

Yaliyotokea chini niliyapata kwa Ciru. Mzee alifika tatu akasimama. Akahesabu tena. Akasema, "Bado moja." Walimwambia nimeenda nyumbani, hakuwaelewa au hakuwaamini. Akawakalisha wote watatu ukingoni mwa hodhi, akawaonyesha kwa mkono wasiondoke, kisha akarudi kituo kwa kituo: hamamu, kuba, mnara. Brayo alikimbia kumwita mama. Mzee alipofika mwisho wa mji akatazama ng'ambo. Ciru, aliyemfuata kwa nyuma, alimsikia akisema tena, bado moja, akashuka barabarani.

Breki nilizisikia mimi mwenyewe, juu ya katuni isiyo na sauti. Nikazima. Nilimsikia mama akitoka mbio kwa mlango wa mbele, bila kupita sebuleni. Nikabaki nimesimama katikati ya sebule hadi ving'ora vilipokuja, na baada ya muda ambao siwezi kuupima mama akaingia akinitafuta, ushungi umemwanguka, viatu hana. Alijishikiza kwenye televisheni kwa mkono mmoja, akasimama hivyo, anapumua. Kisha akanikumbatia.

Babu Bukhara hakufika hospitali akiwa hai.

Nigora alikaa kwenye ngazi na sare yake ya kazi. Hakupiga kelele. Alimuuliza mama swali moja tu, nani alikuwa naye. Na mama, mbele ya polisi, mbele ya majirani, mbele yangu, akajibu, "Me. I was praying. I left him." Mimi nilikuwa nimeshika kanga yake kwa nyuma. Sikufungua mdomo.

Nigora alihama kabla ya theluji ya kwanza. Mama hakuangalia mzee wa mtu tena. Aliacha na ile kazi ya asubuhi, akaenda kufua mashuka ya hoteli, dawa ikamla vidole. Watu wetu nao hawakukosa la kusema; msibani na harusini nilisikia wakinong'ona, ndiye yule mama aliyemwacha mzee barabarani. Alinyamaza. Na tangu siku ile hadi leo anasali alasiri mbio mbio, mlango wazi, akitoa salamu anasimama hapo hapo kwenda dirishani. Uradi hakai. Nimeliona hilo kila alasiri ya maisha yangu, na kila alasiri nilijiambia nitamweleza kesho.

Sasa anaishi nami Germantown, magoti yamechoka. Mwezi uliopita nilimtuma mwanangu Imran amsindikize bibi yake hadi kwenye sanduku la barua, mwisho wa mtaa. Baada ya kitambo Imran akarudi peke yake, macho kwenye tableti. Nilipomuuliza bibi yuko wapi akanijibu, "She's coming, Mom. She's just slow." Sijui niliyomwambia mtoto yule. Najua nilipaza sauti hadi ikakatika, nikampokonya tableti, na mama akaingia mlangoni mzima, barua mkononi.

"Imran, nenda juu, baba," akasema. Alisubiri hadi mlango wa chumba ukafungwa. "Mwache mtoto. Si yeye unayemgombeza."

Hapo nikamweleza. Kuba, nguzo, ngazi za nyuma, katuni. Nililia kama nina miaka kumi na moja. Mama alikaa kwenye kochi, akipanga zile barua magotini, kubwa chini, ndogo juu.

"Najua," akasema.

"Unajuaje, mama? Ciru alikwambia?"

"Siku ile niliigusa televisheni."

Hakuwa amejishikiza. Aliigusa kama alivyoigusa kila siku, akajua, na akashuka ngazi akajibu alivyojibu. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema alingoja nimwambie mwenyewe, kisha miaka ikapita akaona nimekaa kimya sana, akaogopa kuniuliza.

Tulikaa hadi alasiri ikaingia. Alisali na mlango wazi, nami nikasimama dirishani badala yake, nikamwambia akae na uradi wake. Alikaa kidogo, kisha akainuka akaja kutazama mwenyewe.

Enzi zetu vitu vilikuwa vizito na vilikuwa na migongo. Ukidanganya, kilibaki kitu cha moto nyuma yako, na mzazi alijua pa kuweka mkono. Jioni ile, Imran alipolala, niliweka kiganja nyuma ya televisheni yetu. Imetundikwa ukutani, nyembamba kama trei, na alikuwa ameitazama tangu magharibi. Ilikuwa ya baridi.