Jumamosi ya Kulungu

Si kweli kwamba ukoo wa Kvamme uliichagua siku ile ili watu wasije. Jina letu liko kwenye lango la kiwanda cha jibini, lakini siku aliichagua msemaji wa kiwanda, yule aliyetoka Chicago, mwenye mikono laini na tabia ya kugonga kadi zake za maelezo mezani mara tatu kabla ya kufungua kinywa. Huongea polepole kama anayemsemesha mgonjwa, na kila akiulizwa jambo hujibu, "Nawasikia," macho yakiwa kwenye kadi. Mkutano kuhusu visima vilivyochafuliwa na kiwanda aliuitisha Jumamosi ya kwanza ya msimu wa kuwinda kulungu, siku ambayo hapa Wisconsin hata mchungaji huwa porini na bunduki. Tulifika wanawake tisa.

"Wenzenu wako wapi?" akauliza.

"Wako msituni, mwanangu, wamevaa rangi ya chungwa wasije wakapigana risasi," alimjibu Bi Tollefsrud, ambaye kisima chake ndicho kilichoanza kunuka. "Ungemuuliza hata muuza petroli."

"Nawasikia," akasema, akaandika. Nilikuwa nimekaa karibu, nikasoma: "Waliohudhuria ni wachache. Wananchi hawana wasiwasi." Nikamwambia aifute sentensi hiyo mbele yangu, kwa kuwa itasomwa chini ya jina la marehemu mume wangu.

Akaniuliza mume wangu alikuwa nani, ilhali jina lake liko langoni pa kiwanda anachokisemea.

Mnaotaka kujua nilimjibu nini, kamuulizeni yeye. Mimi sisemi.