Laini ya Watu Thelathini na Mmoja

Nyumbani kwetu, juu ya mji wa Kangema, tulikuwa na chama kimoja hata kabla ya nchi kuwa nacho. Mwenyekiti alikuwa baba. Kila uchaguzi ulipokaribia alitutangazia mgombea wa nyumba, naye alikuwa yule yule: mbunge wetu, ambaye alitahiriwa pamoja na baba mwaka mmoja. Hoja nyingine hakuihitaji. Alama ya mbunge ilikuwa taa. Siku yenyewe wazazi wangu walivaa viatu, wakaenda shuleni, wakaingia mmoja mmoja nyuma ya pazia la gunia, wakarudi. Baba alisema nyumba hii imepigia taa kura. Mama alisema imepiga, akaenda kuangalia sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe.

Mama alikuwa anapigia jembe. Aliniambia mimi peke yangu, mwaka niliopata kazi ya ualimu, kwa sauti ile ile ya kunionyesha mahali mbegu zinapowekwa. Jembe lilikuwa alama ya mwalimu mkuu wangu wa zamani, aliyekuja kwetu mara tatu kumwomba baba asinitoe shule. Aligombea kila mara na kushindwa kila mara.

Kisha serikali ikaona karatasi ni usumbufu. Tukaambiwa wapiga kura watapanga mlolongo nyuma ya picha ya mgombea wao, mchana kweupe, uwanjani. Wakubwa walieleza kwamba hakuna njia iliyo wazi kuliko hiyo. Kwa mama ilikuwa wazi kupita kiasi. Wiki nzima kichwa kilimuuma, nami niliogopa kwa niaba yake, kwa maana baba hakuwa mtu wa kugundua kwamba amedanganywa miaka yote hiyo halafu akacheka. Nilimshauri awe mgonjwa siku hiyo. Alinijibu kwamba kichwa kimepona.

Mimi nilikuwa karani wa kuhesabu. Mlolongo wa taa ulizunguka goli ukatokea barabarani. Ule wa jembe ungeenea darasani, na madawati mengine yangebaki matupu. Wazazi wangu walifika pamoja. Baba aliingia mlolongo wake, akasogea kidogo kumwachia mama nafasi. Mama akampita. Alivuka uwanja mzima na kitambaa chake cha kanisani kichwani, akasimama wa mwisho nyuma ya jembe. Baba aliiacha ile nafasi wazi mpaka watu wa nyuma wakamsukuma.

Nilihesabu nikigusa kila mtu begani, kama tulivyoagizwa. Jembe walikuwa thelathini na mmoja. Bega la mwisho lilikuwa la mama. Taa walipita mia sita. Nilimpa msimamizi wa uchaguzi hesabu yangu. Aliisoma, akaikunja, akaitia mfukoni, akatangaza kwamba jembe limeshinda.

Wakubwa walikuwa wamemchoka mbunge. Ni sisi tu tuliokuwa hatujaambiwa. Mwalimu mkuu wangu aliutazama mlolongo wake, akautazama ule mwingine, akavua kofia. Baadaye aliapishwa. Mimi sikusema neno, kwa sababu nilikuwa nakula mshahara wa serikali, na aibu yake ninayo hadi leo.

Tulirudi nyumbani. Nilingoja baba aanze kesi yake, lakini mama alimtangulia.

"Mwalimu," akaniambia, "laini yetu ilikuwa na watu wangapi?"

Nilisema alisikia ilivyotangazwa.

"Sikuulizi ya msimamizi. Wewe ndiye uliyenigusa bega."

Nikamwambia thelathini na mmoja.

Mama aliketi. Alisema ameshindwa kwa siri tangu tupate uhuru na hakulalamika. Sasa siku aliyojitoa kushindwa mbele ya watu, wamemnyima hata hiyo. Akaanza kulia. Nilikuwa nimemwona akilia kwa ajili ya watoto na ng'ombe, lakini kwa ajili ya serikali ilikuwa mara ya kwanza.

Baba alitazama viatu vyake muda mrefu. Nilijua anahesabu chaguzi.

"Nilikuona ukivuka," akasema mwishowe. "Mtu akiniuliza, nitasema ulikuwa kule, na mlikuwa wachache."

Mama akapangusa uso kwa kile kitambaa cha kanisani, akamuuliza kama anataka chai.