Baba Alirudi na Ng'ombe, Wakasema Kauawa na Wezi

Admin, jina langu lifiche, mengine yote yaache yalivyo. Mimi ni mama wa miaka hamsini na nane, mjane, naishi huku Karatu, pembeni mwa msitu wa Ngorongoro. Jumamosi ijayo tunamjengea marehemu Baba kaburi na kumfanyia ibada ya kumbukumbu. Nimepewa kusoma historia yake. Yote nayajua vizuri, ila nikifika pale pa jinsi alivyokufa nashindwa.

Kwanza mjue alikuwa nani. Mwanzoni mwa miaka ya themanini, sabuni ilikuwa ya foleni, gari la wagonjwa hatulijui. Mtu akizidiwa, anaitwa Baba. Alikuwa na machela yake ya miti na gunia, anakusanya wanaume, wanambeba mgonjwa mpaka hospitali na hadai hata chumvi. Watoto wa watu aliwatoa funza kwa pini huku akiwatania, wanacheka na machozi yanawatoka. Nyumbani alitupukuchulia mahindi ya kuchoma, yeye akabaki na gunzi. Wanaume wenzake walisema amekaliwa na mke. Mama akawa anajibu, "Waacheni wacheke, wake zao wanalia."

Rafiki yake mkubwa alikuwa Loserian, Mmasai wa Nainokanoka, kule juu ng'ambo ya msitu. Mke wa Loserian aliwahi kushindwa kujifungua, Baba akapanda na machela yake, wakamteremsha kwenye mvua hadi huku chini. Mke akapona na mtoto akapona. Tangu hapo wawili hao wakaitana ndugu.

Sasa alfajiri moja ng'ombe wa kijiji wakaibiwa, nyayo zikaelekea msituni, juu kwa Wamasai. Kwetu yowe likipigwa hakuna kuuliza, kila nyumba inatoa mwanaume. Wakatoka na pinde na marungu, wakajificha ukingoni mwa msitu kuziba njia. Baba aliwaambia, "Mkiua mtu ng'ombe hawatarudi. Ngoja nikamwone Loserian." Akapanda peke yake. Walimwita mwoga.

Kesho yake asubuhi ukungu ulikuwa mzito. Mimi na wanawake wengine tulikuwa tumewapelekea wanaume uji. Tukasikia kengele za ng'ombe zinashuka. Akatokea mtu kajifunga shuka nyekundu, anaswaga ng'ombe wetu. Baba mdogo, mdogo wake Baba wa tumbo moja, ndiye aliyeachia mshale wa kwanza. Ulimwingia shingoni, ndiyo maana hakuweza kuita. Akaanguka, wakamvamia kwa marungu, wanapiga na kushangilia, wanapiga na kushangilia. Nilisikia mifupa ikivunjika. Baba mdogo akamgeuza kwa mguu, shuka ikafunuka, na ndani kulikuwa na sweta la Baba lenye kiraka alichoshona Mama.

Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika.

Loserian alikuwa nyuma na ndama. Kumbe yeye ndiye aliyewapata wale ng'ombe, na Baba alipoloa mvua msituni, Loserian akavua shuka yake akamfunika. Alipotokea akajitupa juu ya maiti. "Huyu ndugu yangu! Nyinyi naua ndugu yangu!" Mngetegemea watu waone aibu. Wapi! Walimgeukia yeye. Walimpiga mpaka jicho moja likamwagika, wakamtupa korongoni wakijua amekufa. Alitambaa mwenyewe hadi kwao.

Palepale kiongozi wetu wa kijiji akasema, "Tukisema ukweli tunafungwa kijiji kizima. Mmasai ndiye kaua. Mmesikia?" Wote wakasikia. Siku ya mazishi nilisimama nikasema kwa sauti ni nani aliyeua, shangazi akanijaza kanga mdomoni, na baadaye nikachapwa hadi nikashindwa kukaa. Walisema nina homa, naweweseka. Kaka, mdogo wangu wa kiume, alikuwa bado mtoto, akakua na uongo huo. Mpaka leo Mmasai hakatizi uwanjani kwake.

Na Baba mdogo? Ndiye aliyetulea. Alitulimia, akatusomesha, hakuwahi kuninyanyulia mkono. Ninampenda na ninamchukia, yote kwa pamoja, nisiwafiche. Sasa ni mgonjwa wa kitandani na uji namlisha mimi kwa kijiko.

Wiki iliyopita Loserian alikuja. Mzee sana, jicho moja, mkononi jiwe. Akasema, "Kwetu mtu mwema akifa, anayepita kaburini anaongeza jiwe. La kwangu bado." Kaka akatoka na panga, "Muuaji wewe, toka kabla sijakumalizia hilo lililobaki!" Mzee wa watu akanigeukia mimi. Akanipa jiwe, akaniambia, "Mwanangu, nishikie," akaondoka.

Nikaenda kwa Baba mdogo nikamwambia aseme mwenyewe. Akafumba macho. "Mwanangu, ngoja nife kwanza."

"Na Loserian naye angoje afe?"

Akageukia ukutani. Uji ukapoa.

Ndugu zangu, kaka namjua. Akiusikia ukweli ana panga na ana hasira, na mgonjwa hawezi hata kukimbia. Nikinyamaza, nitasimama mbele ya kanisa zima niseme Baba aliuawa na wezi, na kuanzia siku hiyo nami nitakuwa nimempiga rungu langu. Loserian amesema Jumamosi atakuja, atasimama nje ya uzio, hataki ugomvi na mtu.

Jiwe liko hapa jikoni, karibu na mafiga. Kila nikiinama kuchochea moto naliona. Nyinyi mngekuwa mimi, Jumamosi mngelibeba?