Majina Sitini na Matatu ya Mwalimu Lumbala

Mwalimu Lumbala wa Kamina hakupenda kuitwa fundi, ila alipenda sana ijulikane kwamba ni fundi. Tumsamehe, maana ameadhibiwa vya kutosha.

Mwaka 1999 watu walimiminika kutoka Malemba-Nkulu wakikimbia vita, wengine wamepotezana na watoto njiani. Kanisa lake likampa kazi ya kuwagawa watoto hao katika nyumba za waumini. Orodha ya karatasi ilikuwa hatari, kwa kuwa wenye bunduki walikuwa wakitafuta wavulana. Lumbala akaificha ndani ya kikokotoo chenye kumbukumbu alichoachiwa na mmisionari, kwa programu aliyoiandika mwenyewe kwa lugha ya mashine, namba tupu, ambayo askari hangeweza kuifungua. Majina sitini na matatu, kila moja na familia iliyompokea mtoto.

Katika lugha hiyo kuna njia mbili za kuiambia mashine iruke. Ya kwanza: ruka hatua kadhaa kutoka hapo ulipo. Programu ikisogezwa, bado mruko unafika, lakini hatua huhesabiwa moja moja kwa kidole, tena haziendi mbali. Ya pili: ruka mpaka anwani fulani. Unaandika anwani, umemaliza. Lumbala alichoka kuhesabu. Akaandika anwani.

Haraka haraka haina baraka, na yeye mwenyewe aliwaambia hivyo wanafunzi wake kila siku! Mwezi wa tano akafuta mchezo mmoja uliokuwamo kwenye kikokotoo apate nafasi ya majina mengine. Vilivyokuwa nyuma yake vikasogea kujaza pengo, programu ikiwemo. Alipoiita, ikaruka mpaka anwani ile ile ya zamani, ambako sasa hakukuwa na kitu chake. Kioo kikawa cheusi. Kilipowaka tena, kumbukumbu ilikuwa tupu.

Alizunguka nyumba kwa nyumba, akawapata watoto arobaini na mmoja. Familia zilizochukua wengine zilikuwa zimehama, na bila orodha hakuwa na hata majina yao ya kuulizia zilikoelekea. Tangu hapo, akiita majina darasani, husikia sauti ishirini na mbili zaidi zikijibu «présent».

Francine, mama wa Hadassa aliyekuwa kati ya wale watoto ishirini na wawili, alikuja kila Jumatatu kumuulizia mtoto wake. Mara nne Lumbala alimwambia arudi. Mara ya tano alishindwa kusema uongo.

«Mama Hadassa, miye njo nilipoteza jina yake. Haiko tena mu mashini.» Akamweleza zile njia mbili.

«Ile ya kwanza, ulikuwa unaijua?»

«Niliijua, mama.»

«Juu ya nini basi haukuifuata?»

«Ilikuwa na kazi mingi.»

Francine akakaza kitenge chake, akaondoka bila kuaga. Jumatatu iliyofuata alirudi, akaketi nje ya darasa mpaka kengele ya mwisho. Hadi leo huja, na Lumbala, asikutane naye mlangoni, hutoka darasani kwa kupitia dirisha.