Fundi Aliyetangulia

Fundi wa Landrova kuukuu pale Kahama hafungui injini kabla hajaisikiliza. Huuma mpini wa mwiko wa jikoni, akagusisha ncha ya pili kwenye injini, akafumba macho kama anayeonja mchuzi. Kisha humlaani fundi aliyetangulia. Kila injini ina fundi aliyetangulia, na kila mara huyo ni mjinga. Siku ya Jumanne, Mama Fredy, ambaye mpunga wake ulikuwa shambani unasubiri Landrova yake itengenezwe, alimsikia akilaani tangu asubuhi. Ile injini ya pistoni nne ilikuwa wazi, beringi ya kemshafti, ule mhimili unaofungua vali, imekauka kama mfupa.

“Njoo uone, Mama Fredy. Beringi ina tundu la oili, injini nayo ina lake, lazima yatazamane. Huyu kaigeuza! Oili ipite wapi? Nani kakufungia hii?”

Mama Fredy alikuwa amelisubiri swali hilo tangu saa mbili. Akakaza kanga kiunoni.

“Wewe, fundi. Mwaka juzi, kabla ya Pasaka.”

Fundi akafuta vidole vyake, kimoja kimoja. Akainama tena, akaichungulia beringi kwa heshima.

“Ila angalia ilivyokaa imara,” akasema kwa upole. “Siku hizi mafundi kama huyu huwapati.”