Nanasi la Viongozi wa Kiwangwa

Adila Mikdad alifukuzwa kazi kwa sababu ya mchoro. Alikuwa karani katika ofisi moja pale Bagamoyo, tusiyoitaja kwa sababu ipo bado na haijajifunza kitu. Bosi wake alimwagiza achore safari ya barua tangu inapoingia mpaka inapojibiwa. Adila akachora alichokiona: barua inaingia, inafika kwa bosi, inalala, inaamshwa, inapelekwa kwa bosi wa pili, inalala tena. Mchoro ulibandikwa ukutani asubuhi, na hakuna aliyeusoma mpaka saa tisa alasiri. Mwisho wa mwezi Adila alikuwa nyumbani anachambua mchicha.

Hakukaa sana na mchicha. Alikodi fremu ya duka Magomeni, hapohapo Bagamoyo, akafungua steshenari: fotokopi, picha za pasipoti, barua za kuombea kazi, kadi za harusi. Watu walimpenda kwa kazi yake na walimwogopa kwa mdomo wake. Ukimletea barua yenye makosa, aliisoma kwa sauti mbele ya wateja wote.

Jumatatu moja wakaingia watu watatu na nanasi.

"Shikamoo, mzee," Adila akamwamkia aliyetangulia.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Karibuni. Viti ni viwili, amueni wenyewe nani asimame."

Aliyesimama alikuwa Esha, katibu, mwanamke wa miaka thelathini na kitu mwenye daftari nene kwapani. Waliokaa walikuwa Bwanausi, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa mananasi huko Kiwangwa, na Mzee Mohamedi, mjumbe, ambaye alikuja mjini kwa kuwa nafasi kwenye gari ilikuwapo.

"Alhamisi tuna ugeni," akasema Bwanausi. "Tunataka bango la uongozi wetu. Kubwa, la ukutani."

"Visanduku na mishale, nani yuko chini ya nani?"

"Visanduku kila mtu anavyo. Sisi tunataka nanasi. Viongozi wote wawe ndani ya nanasi." Akaliweka mezani juu ya karatasi za mtu. "Na mimi huku juu." Akagusa lile taji la majani, akaurekebisha ukosi wa shati.

Esha aliangalia dari.

Wakamwachia nanasi na orodha ya viongozi, nani anapeleka taarifa kwa nani, wakaondoka. Adila alilipiga nanasi picha, akaiingiza kwenye ile programu yake ya kuchorea, akaanza kufuata ukingo wake nukta kwa nukta. Saa nzima ikapita. Lilitoka nanasi zuri, limenona kiunoni, majani yamesimama kama nywele za mtu aliyeamshwa ghafla. Akapanga majina ndani, akaunganisha mishale, kisha akalisogeza nanasi kushoto lipate nafasi ya kichwa cha habari. Nanasi likaenda. Majina yakabaki palepale, kamati nzima imesimama uwanjani haina hata kivuli.

"Nyie nanyi!" akayaambia majina.

Ikabidi asome. Akagundua kwamba umbo ulilolichora mwenyewe, kwa programu ile, ni pambo tu. Halijui kama lina watu tumboni mpaka uliambie kwamba wewe ni chombo, hawa ni wako, ukienda nenda nao. Mahali pa kuliambia palikuwa kijisehemu kidogo cha kuweka alama ya vema, kimejificha chini ya orodha ndefu kama vile kinadaiwa. Akaweka alama. Akalisogeza tena nanasi, na safari hii kamati yote ikaondoka nalo, mishale inawafuata. Adila akapiga kofi peke yake dukani. Alilipeleka kulia, kushoto, juu, chini, akiwazungusha viongozi wa Kiwangwa kwa raha zake tu. Taji nalo akalifanya chombo chake peke yake, na ndani akamweka mtu mmoja: Mwenyekiti.

Jumatano wakarudi kuangalia kabla halijachapwa. Bwanausi alipojiona juu ya wenzake wote alivuta kiti karibu na kioo cha kompyuta.

"Hapo sasa! Hiyo ndiyo heshima."

Mzee Mohamedi naye akasogea, akakunja uso. "Hilo taji," akasema polepole, "si ndilo tunalolikata kwanza tukitaka kula?"

Bwanausi akarudisha kiti nyuma.

"Na kutupa," akaongeza, maana alikuwa mtu wa kumaliza kazi.

"Hatutupi," akasema Esha, mdomo unamcheza. "Mengine tunapanda."

Bwanausi alimgeukia Adila. "Lipunguze. Lisiwe refu hivyo. Lichore upya."

Adila akaona kupunguza ni kazi ndefu kuliko kuanza upya. Akalibonyeza taji, akalifuta. Likatoweka, na pale palipokuwa na jina la Bwanausi pakabaki peupe.

"Mwenyekiti yuko wapi?" akauliza Mzee Mohamedi.

"Ameondoka na taji," akasema Adila. "Chombo ukikifuta, unafuta na waliomo." Kicheko kikamtoka kabla hajakizuia. Esha akaficha uso nyuma ya daftari. Mteja aliyekuwa anasubiri picha za pasipoti alicheka waziwazi, na hata hakuwa anawajua.

"Nirudishe," akasema Bwanausi.

Kumrudisha ilikuwa kubonyeza vitufe viwili tu. Adila alishaweka vidole, lakini Mzee Mohamedi alikuwa bado anatazama.

"Ngoja kwanza. Mishale mbona haikukatika?"

Na kweli. Mshale wa anayenunua mbolea ulikwenda kwa Esha. Wa malori ulikwenda kwa Esha. Wa mafunzo, wa wanunuzi, wa mikutano, yote kwa Esha. Kutoka kwa Esha mshale mmoja mwembamba ulipanda juu, ukaishia hewani.

"Mimi nilichora nilivyoandikiwa," akasema Adila. Hapo hakuna aliyecheka.

Bwanausi aliufuata ule mshale wa hewani kwa kidole. Alipozungumza, sauti yake haikuwa ya uenyekiti. "Kikundi hiki nilikianzisha na watu wanne. Nilikuwa nabeba mananasi kwa baiskeli mpaka Msata. Siku hizi kila nikishika kitu naambiwa, kaa mzee, tutafanya."

Adila aliona aibu. Alizoea kuwacheka wenye vyeo, na wengi walistahili, lakini huyu alikuwa anaumia kwenye kiti cha plastiki mbele ya fotokopi yake.

"Sisi tulidhani tunakuheshimu, baba," akasema Esha.

"Mmenipandisha kwenye majani! Nipeni kazi. Kipi hakina mtu?"

Esha akafungua daftari. "Machipukizi ya kupanda. Hakuna anayetaka, kwa sababu ni kuzunguka mashamba yote asubuhi na miba inachoma."

"Niandike."

Adila akachora taji jipya, fupi, halina mtu. Akaandika jina la Bwanausi kwenye kisanduku kipya cha machipukizi, akakivuta hadi ndani ya nanasi. Ukingo wa nanasi ukawaka kidogo, dalili kwamba amepokelewa. Cheo cha mwenyekiti kikabaki mbele ya jina lake, kwani uchaguzi ulikuwa bado.

Alhamisi wageni walikuja, wakala mananasi sita, wakapiga picha na mbuzi wa jirani. Bango hakuna aliyelitazama. Mzee Mohamedi alilisimamia siku nzima akingojea wa kuelezwa, akaishia kumweleza dereva.

Uchaguzi ulipofika, Bwanausi mwenyewe ndiye aliyempendekeza Esha, kisha akampigia simu Adila.

"Badilisha bango. Mwenyekiti ni Esha."

"Nimuweke kwenye taji?"

"Hataki. Anasema mle ndani kuna kazi."

"Na wewe, mzee?"

"Nitolee cheo tu, kwenye machipukizi usiniguse," akasema Bwanausi, huku nyuma yake mtu akimwita aje kuangalia miche. "Nakuja mwenyewe kulichukua Ijumaa. Ukilichapa, hakikisha jina langu lina 'w'. Mara ya kwanza uliniandika Banausi."

Adila alifungua faili akaangalia. Kweli, alikosea, na safari hii hapakuwa na mtu wa kumsomea kosa kwa sauti.