Mama Mkwe wa Orofa ya Tatu

Musau wa mtaa wa Kamenu, mjini Thika, hakuwa mwoga. Siku nyoka alipoingia chumba cha boila katika kiwanda cha nguo alikofanya kazi ya ufundi wa mashine, wanaume wenye vifua kama milango walipanda juu ya meza. Musau akamtoa nje kwa ufagio, polepole, kama anayemsindikiza mgeni. Lakini mtu huyohuyo alikuwa na mama mkwe, na hapo ujasiri wote ulimkauka kama mfereji wa Kamenu siku ya Jumapili.

Kwao Ukambani mwanaume hakutani ovyo na mama wa mkewe. Hawapeani mkono, hawatazamani usoni, hawali meza moja, na wakionana njiani mmoja anaiacha njia. Si chuki. Ni heshima, tena heshima ya kiwango cha juu. Kijijini mambo ni rahisi kwa sababu kuna vichaka. Thika mjini hakuna vichaka, kuna maduka. Mwaka fulani Musau alimwona mama mkwe akija na gunia la ndengu kichwani, akajitosa katika mlango wa kwanza ulio wazi. Ilikuwa saluni ya akina mama. Mle ndani asiyetengenezwa nywele anafukuzwa, basi Musau akaketi akatengenezwa. Alitoka na mawimbi ya dawa yanayong'aa, mafuta yakidondoka kwenye kola. Kiwandani walimwita Mwanamuziki hadi alipoyanyoa.

Mama mkwe mwenyewe aliitwa Syokau. Mjane, mwembamba, muuza ndengu katika soko la Thika, sauti kama tarumbeta ya Jeshi la Wokovu. Alipanga chumba katika mtaa wa Makongeni.

Sasa, katikati ya miaka ya tisini, serikali ikatangaza fleti za bei nafuu kule Ruiru. Bloki za orofa nne, vyumba viwili na jiko, unalipa mdogomdogo mpaka nyumba inakuwa yako. Musau na mkewe Kalondu walikuwa wameishi chumba kimoja tangu waoane, pazia likitenganisha kitanda na stovu, na watoto wawili wakilala mahali ambapo mchana palikuwa sebule. Waliomba siku ya kwanza kabisa.

"Usimwambie mtu," Kalondu akaonya. "Hata mama. Kitu kikitangazwa kabla hakijafika, macho ya watu yanakila."

Aliyejua ni jirani yao Njau tu, kwa kuwa walimkuta kwenye foleni ileile. Alidai amekuja kuuliza habari za maji. Nao wakadai hivyohivyo. Wakaulizana habari za maji kwa muda mrefu, kila mmoja ameficha fomu kwapani.

Kura ilipigwa ukumbini. Waombaji walifurika, karatasi zikakorogwa ndani ya beseni la kufulia, na beseni likapitishwa benchi kwa benchi, kila mwombaji akitumbukiza mkono. Musau alitoa yake akaikodolea macho kama mtu anayesoma majina ya wafu. Bloki C, orofa ya nne, kushoto. Kalondu alipiga kelele, Musau akapiga kelele, hata mlinzi wa mlangoni akapiga kelele bila kujua ni ya nini.

Walikuwa hawajakaa vizuri wakati mtangazaji aliposema, "Bloki C, orofa ya tatu, kushoto," na kutoka benchi za akina mama kikapaa kigelegele cha tarumbeta.

Musau aliijua ile sauti kabla ya jina kutajwa. Kumbe mama mkwe naye alikuwa ameomba, na naye hakumwambia mtu, kwa kuogopa macho yaleyale. Kalondu alipogeuka kumtazama mumewe, hakumwona. Alikuwa chini ya benchi anatafuta kitu ambacho hakikuwa kimeanguka.

Njau hakupata. Aliandikwa wa kwanza miongoni mwa wanaongoja, yaani akitoka mtu, anaingia yeye. Na waliopata walipewa hadi Ijumaa kwenda kutia sahihi, la sivyo nyumba inapita kwa anayengoja.

Jioni hiyo chumba cha Kamenu hakikuwa na sherehe.

"Unaelewa maana yake?" Musau aliuliza. "Nitakuwa natembea juu ya kichwa cha mama yako! Nikioga, maji yanapita ukutani kwake. Nikikohoa, anahesabu. Ngazi zenyewe ni moja. Tukikutana katikati, niende wapi, niruke dirishani?"

"Ruka," Kalondu alisema akipepeta mchele. "Kiwanda si kina bima?"

"Mimi sichezi, Kalondu."

"Hata mimi. Hiyo nyumba siiachi. Nimechoka kupika huku nikivaa, na kuvaa huku nikipika."

Jumatatu jioni Njau akabisha hodi, akaingia kabla ya kukaribishwa, uso wa matanga. "Ndugu yangu Musau, nimesikia. Pole. Heshima kwanza, bwana. Usikubali mila ikanyagwe kwa ajili ya mawe ya serikali. Mimi ni Mkikuyu, lakini mila za Wakamba naziheshimu sana."

"Tangu lini?" Kalondu akauliza.

"Tangu Jumamosi."

"Jumamosi ndiyo kura ilipigwa."

"Ngai! Kweli?" Njau akasema, akaomba chai.

Musau hakulala vizuri wiki hiyo, ila akapata wazo. Kama hawezi kukaa mbali na mama mkwe, angalau asimkanyage. Mama apande orofa ya nne, wao washuke ya tatu. Wakaenda Ruiru kumuuliza ofisa wa nyumba, Idah, dada mnene mwenye subira ya mtu aliyeona waombaji wa kila aina.

"Kubadilisha ovyo hakuna," Idah aliwaambia. "Wawili wakipatana kubadilishana wao kwa wao, sawa. Lakini waje wote, wakae hapa mbele yangu, waseme kwa midomo yao."

Yaani ili amkwepe mama mkwe vizuri, Musau alihitaji kwanza kukaa naye meza moja.

Ijumaa alifika mapema mno, akakigeuza kiti, akakaa akitazama ukuta wenye kalenda ya kampuni ya mbolea. Syokau akaingia amejifunika leso kichwa kizima kama amekuja kwa siri, akageuza chake pia, akatazama dirisha. Kalondu akabaki katikati, mpakani.

Idah aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Huyu baba ni mgonjwa?"

"Hapana," Kalondu akasema. "Ni mkwe."

"Mwambie mama," Musau aliiambia kalenda, "heshima yake iko juu. Kwa hiyo achukue orofa ya nne, sisi tuchukue ya tatu."

"Mwaitu, mama yangu, Musau anasema—"

"Nimesikia, kwani mimi ni kiziwi?" Syokau alikatiza. "Mwambie heshima yangu iko juu lakini magoti yangu yako chini. Gunia la ndengu litapandishwa na nani mpaka huko, na heshima?"

Idah akacheka, kisha akajifanya anakohoa.

Basi. Wazo lilikuwa hilo moja, na lilikuwa limekufa. Musau aliitazama kalenda bila kuiona. Alikumbuka siku walipoenda kuangalia zile fleti kabla hazijapakwa rangi, jinsi Kalondu alivyofungua mikono mbele ya dirisha la chumba cha kulala kupima pazia, halafu akaingia jikoni akasimama tu, bila kufanya chochote, anafurahia kuwa jikoni pasipo na kitanda.

"Mwambie basi sisi tunaacha," alisema taratibu. "Yeye achukue yake akae kwa amani. Mimi siwezi kumkanyaga mama kichwani."

Safari hii Kalondu hakupeleka ujumbe. Macho yalimjaa maji. "Hiyo sisemi," akasema. "Anayetaka isemwe, aiseme mwenyewe."

Kisha ile leso ikageuka kutoka dirishani, si mpaka kwa Musau, lakini mpaka karibu na hapo.

"Mwambie huyo mwanaume," Syokau alisema, "pale Makongeni mwenye ploti anakaa juu yangu. Mlevi! Anatembea na buti, anaburuta viti watu wakilala, na siku akianguka chokaa inaingia kwenye chai yangu. Si mkwe wangu, si ndugu yangu, na huyo sijamkimbia. Sasa nikubali kukanyagwa na mlevi wa wenyewe, nikatae kukanyagwa na mume wa mtoto wangu ambaye hata anavua viatu mlangoni?"

"Mwaitu, umejuaje anavua viatu?"

"Unafikiri siulizi? Tena mvua ilipobomoa nyumba ya nyanya yako, mama yangu mzazi, kule Yatta, alilala wapi? Si kwa baba yako? Akachinjwa mbuzi, watu wakala, aibu ikaenda na mifupa. Kwani mbuzi wameisha? Mwambie alete mbuzi, nyumba asiache. Akiiacha, huyo ndiye sitamtazama kweli."

Musau alihisi kiti kimekuwa chepesi. "Mwambie nimekubali! Hata wawili!"

"Mmoja," Syokau alisema. "Mwambie asijifanye tajiri, ana nyumba ya kulipia."

Idah aliinua kichwa. "Samahani, mbuzi? Kwenye fleti mifugo hairuhusiwi."

"Hatakaa, mwanangu. Ni mgeni wa siku moja."

Wakatia sahihi. Musau alipomaliza hakumpa mama mkwe kalamu mkononi. Aliiweka katikati ya meza, akarudi kwenye kalenda yake, naye Syokau akaichukua kama aliyeiokota.

Mbuzi aliliwa Kalimoni, kwa shangazi yake Kalondu, wanaume upande wa zizi na wanawake upande wa jiko. Njau alikuja bila mwaliko, uso mrefu, akavua koti akashika kisu. "Nyumba mmeninyima," alisema, "mbavu hamtaninyima." Na kusema kweli, hakuna aliyechoma vizuri kumshinda. Baada ya nyama, sheria za ngazi zikapitishwa, Kalondu akikimbia na ujumbe kutoka zizini hadi jikoni. Anayepanda agonge chuma cha ngazi. Anayeshuka aimbe. Mwenye kusikia angoje ndani mpaka mwenzake apite. Syokau aliahidi kuimba nyimbo za kanisani. Musau aliulizwa kama anajua kuimba, wanaume wote wakajibu kwa pamoja kwamba afadhali apige mluzi.

Siku ya kuhamia, Musau alipanda na godoro kichwani, limemning'inia mbele na nyuma kama kofia ya jitu. Mikono yote miwili ilikuwa imelishika, kwa hiyo hakugonga chuma. Syokau, aliyehamia siku iliyotangulia, alikuwa anashuka na beseni la nguo mikononi na funguo mdomoni, kwa hiyo hakuimba.

Walikutana chini kidogo ya orofa ya tatu.

Chini ya ukingo wa godoro Musau aliona patipati mbili za bluu, zile ndala za mpira, zimesimama. Alitaka kurudi nyuma, lakini nyuma yake alikuwa Njau amebeba kabati, anahema na kulalamika kwa Kikikuyu. Pembeni ukuta, pembeni chuma. Patipati hazikusogea.

Funguo zikalia zilipotemwa ndani ya beseni.

"Wewe godoro," ikasema ile tarumbeta, "unapita ama umeamua kulala hapo?"

"Napita, mama," godoro likajibu.

Tangu Musau aoe, hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa mama mkwe bila kupitia kwa mtu.

Patipati zikajibana ukutani. "Pita basi. Na ukifika juu, kitanda usikiweke upande wa dirisha. Nimeweka changu hapo."

"Sawa, mama."

"Na huyo wa nyuma mwenye kabati amwage pumzi polepole, nguo zangu ni safi."

Godoro likacheka, likayumba, likapanda.